Saa Kumi na Moja kwa Siku

Mimi nauza ndoo. Ndoo, mabeseni, hotipoti, vikapu vya nguo chafu, na vile viti vya plastiki ambavyo mteja mnene akivijaribu wote tunaangalia pembeni. Fremu yangu iko Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo, ubavuni kwa duka la Rogath, na kwa miaka sita nimezisikiliza katuni za dukani kwake kuliko nilivyoisikiliza redio yangu mwenyewe. Kwa hiyo nikikusimulia habari za Rogath, sikuhadithiwa. Na ukiniona mahali nimepandisha sauti, ujue hapo pamenigusa.

Rogath ni Mchagga wa Rombo. Alikuja mjini akiwa kijana, akauza chaja na hedifoni mkononi huku akikimbizana na mgambo, mpaka akapata kona, kona ikazaa fremu, fremu ikazaa duka. Leo anauza tivii, simu, na tableti za watoto, zile zenye makava laini ya pinki yenye masikio ya sungura. Si tajiri, ila siku akivaa shati la kwendea kanisani unaweza kumkopesha. Mkewe, Jacqueline, ni karani kwa wakala wa forodha bandarini. Anatoka nyumbani alfajiri na kurudi jua limezama, viatu mkononi. Wana mtoto mmoja wa kike, Angela.

Ukutani kwa Rogath kulikuwa na tivii kumi na nane, na zote zilikuwa zikiwaka kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Si ufahari huo. Kariakoo tivii iliyozimwa ni tivii mbovu. Hata ikitolewa kwenye boksi mbele ya macho yako, ikikaa giza nusu dakika tu mteja atasema, "Hii imeshakufa hii," na atavuka barabara kwenda kwa jirani. Rogath huweka katuni kwa sababu rangi zake zinapiga kelele hata ukizima sauti.

Penye katuni pana watoto. Alianza mtoto wa muuza juisi, akafuata wa yule dada anayeleta viatu vya mtumba kutoka Mchikichini, wakaja wa mfagia ngazi na wa mkaanga mihogo. Asubuhi mama anatandika boksi mbele ya duka, anamkalisha mwanawe, anaenda kuhangaika. Siku nyingine nimewahesabu kumi na wanne, wote vinywa wazi. Sisi tulipaita Shule ya Rogath. Ada yake bure, sare yake makamasi, na haina likizo hata ya Idi. Usicheke sana. Mtaa ule maguta ya magurudumu matatu na mikokoteni hupita kama haina breki, na mingine kweli haina. Mtoto aliyekodoa macho ni mtoto aliyekaa, na mtoto aliyekaa hagongwi.

Mjukuu wangu Ridhiwani, wa miaka minne, alikuwa mwanafunzi wa mstari wa mbele. Mama yake, binti yangu, yuko Oman anafanya kazi za ndani. Analea watoto wa watu kule ili wa kwake ale huku. Ridhi humwona kwenye simu Ijumaa hadi Ijumaa. Ukimuuliza mama yuko wapi, anakuonyesha mfuko wa gauni langu ninamoweka simu.

Angela yeye hakukaa kwenye boksi. Mtoto wa mwenye duka ana daraja lake: alikaa ndani, kwenye kiti chake kidogo cha pinki, na tableti yake mwenyewe, tivii kumi na nane zikimwangaza kutoka juu. Alikuwa anakaribia miaka minne. Aliijua rangi ya zambarau kwa Kiingereza, akahesabu hadi ishirini kwa lafudhi ya puani. Kitu ambacho hakufanya ni kusema na mtu. Hakuomba maji, hakukataa ugali, na hakuwahi kumwita baba yake baba. Rogath alijifariji kwa njia ya wafanyabiashara.

"Bi Mboni," aliniambia, "huyu Kizungu ananishinda mimi. Ubongo wake uko bize, ndiyo maana haongei ovyo."

"Mwanangu," nikamwambia, "hata kasuku akiwa bize huomba maji."

Akacheka. Rogath hukasirika kwa wateja tu, kwangu hucheka.

Juu ya maduka yetu anakaa mwenye jengo, Mzee Ghanshyam. Ndiye anayetupangisha, na ndiye anayemuuzia Rogath zile tableti kwa katoni. Ana mjukuu anayeitwa Manan, umri mmoja na Angela wetu. Huyo Manan alikuwa na mdomo. Anashuka ngazi kwa mguu peku, anasimama kwangu: "Shikamoo bibi. Hili beseni mbona lina ufa hapa?" Anasema hivyo mbele ya mteja aliyekwisha kutoa pesa! Na ukipanda juu kulipa kodi unamkuta kakaa sakafuni na bibi yake, Jasvanti, sinia la dengu katikati yao, wanachambua mawe na kugombana jiwe lipi kubwa. Alasiri nzima. Rogath aliliona lile sinia akasikitika kutoka moyoni.

"Watu wana ghorofa zima," akasema, "mtoto wanamchezesha dengu. Ubahili mwingine ni dhambi."

Basi Diwali ilipofika, akafunga tableti moja kwa karatasi ya kung'aa, kava la bluu lenye masikio, akampelekea Manan zawadi. Kesho yake Mama Jasvanti akaishusha mwenyewe, ikiwa bado kwenye karatasi yake, pamoja na sahani ya vitamutamu. Alishukuru mpaka ikawa aibu. Rogath alivila vitamutamu vile amenuna, akisema Wahindi hawajui kupokea. Nami nikamuunga mkono, maana vilikuwa vitamu na nilitaka viendelee kuja mkononi.

Desemba, Rogath akapanda kwao Rombo kama ada, gari imejaa mchele, sukari na mtoto. Aliporudi Januari alikuwa amepungua. Ilichukua siku mbili kumtoa maneno. Mama yake mzazi alikuwa amewakusanya ukoo mzima uani, amemkalisha mjukuu mapajani, akasubiri shikamoo. Angela alimtazama bibi usoni kwa muda, akanyoosha kidole, akakiburuza shavuni kwa bibi kutoka kulia kwenda kushoto, ili aje mwingine. Shangazi mmoja akacheka, bibi hakucheka.

"Akaniita ndani peke yangu," Rogath akaniambia, akiikunja na kuikunjua risiti isiyo na kosa. "Akasema, 'Rogath, siku kumi mmekaa hapa, sijamsikia huyu mtoto akikuita. Ana baba huyu?' Akasema Desemba ijayo nikimleta hivi hivi, nisiondoke naye. Atabaki Rombo, atalelewa na watu."

"Na mama yako husema akafanya?"

"Mama yangu? Aliwahi kumrudisha ng'ombe mnadani akarudishiwa hela yake."

Hapo nilimwonea huruma. Mtoto ni mmoja, na mama wa Rombo ni mama wa Rombo. Kuanzia siku ile Rogath alikuwa na jambo moja tu kichwani: Angela aseme kabla ya Desemba, vinginevyo atampoteza.

Akafanya uchunguzi wa Kichagga, yaani alitafuta aliyefanikiwa akauliza bidhaa kanunua wapi. Manan ana mdomo. Manan anasoma wapi? Mzee Ghanshyam akamtajia shule moja ya watoto wadogo kule Upanga. Rogath alipoulizia ada alilazimika kukaa kwenye kiti changu cha plastiki, na kiti kikapasuka. Lakini akachukua fomu.

Ile fomu tuliijaza sote, juu ya ndoo iliyopinduliwa. Jina, umri, chanjo, yote yalikwenda vizuri. Ukurasa wa tatu ukauliza: nyumbani mna vifaa gani vyenye skrini, na mtoto hutazama kwa saa ngapi kila siku?

Sasa nielewe. Sisi watu wa Kariakoo fomu tunayoijua ni ya mkopo. Na fomu ya mkopo inauliza hivyo hivyo: una tivii? Inchi ngapi? Friji? Redio? Unaandika vyote, na vya jirani unaviazima kwa kuandika, maana mwenye navyo ndiye anayekopesheka. Hakuna aliyewahi kupewa mkopo kwa kukosa tivii. Rogath akakaza kalamu.

"Tivii, inchi sitini na tano, mpya," akaandika huku akitamka. "Tableti mbili. Simu ya baba, simu ya mama..."

"Weka na ile projekta ya stoo," nikamwambia.

"Ile mbovu, Bi Mboni."

"Watakuja kuiwasha?"

Akaiweka projekta. Kwenye saa akafikiri kidogo. Kumi dukani, moja nyumbani kabla ya kulala. Akaandika kumi na moja, akapiga mstari chini yake ili wasiikose.

Siku ya usaili Jacqueline alinyimwa ruhusa kazini, meli mbili zimeingia pamoja, na shule ilitaka mtoto aje na watu wawili wa nyumbani. Nikaombwa kuwa bibi. Nikafunga fremu, nikamkalisha Ridhi kwenye boksi lake nikamwachia muuza juisi, nikavaa kanga yangu ya harusi za watu, tukaenda Upanga.

Tulipokewa na mwalimu kijana, Leticia jina lake, mwenye aproni ya kaki na tope mpaka viwikoni. Nilidhani ni mtunza bustani, nikampa mkoba anishikie. Akatuketisha kwenye vigoda, akaisoma fomu, akarudi nyuma ukurasa mmoja, akaisoma tena.

"Hizi saa kumi na moja," akasema taratibu, "ni kwa wiki?"

"Kwa siku, mwalimu!" Rogath akasema, kifua mbele. "Jumapili inapungua kidogo sababu ya misa, ila tunafidia."

Mwalimu akaandika kitu pembeni. Rogath akanikonyeza, mkopo umepita.

Leticia akamgeukia Angela, akachuchumaa, akaanza kumkaribisha kwa sauti nzuri: karibu Angela, hapa tuna bustani, tuna kuku wawili, tuna mchanga, tunapika kwa makopo. Aliendelea kidogo. Angela alimsikiliza kwa heshima kama hesabu ya sekunde tano. Kisha akanyanyuka, akamsogelea, akanyoosha kidole, akambonyeza kwenye kona ya aproni, chini, upande wa kulia. Akasubiri. Mwalimu hakwenda popote. Akambonyeza tena kwa nguvu zaidi.

"Anafanya nini?" Leticia akauliza.

Rogath alikuwa tayari kusaidia. "Anaruka tangazo, mwalimu. Huwa linakaa pale chini."

Nilitazama ukuta. Maisha yangu yote nimekuwa mtu wa kucheka misibani, lakini pale sikuweza.

Mwalimu hakumdharau mtu, namsifu kwa hilo. Alisema Angela ana akili na masikio yake mazima, ila amezoea kusemeshwa na kitu kisichomsubiri ajibu. Akasema nafasi ipo, lakini tumrudishe Mei. Miezi mitatu bila skrini, hata moja. Mtu akae naye, amsemeshe, anyamaze, amsubiri.

"Mtu gani?" Rogath akauliza. Alikuwa anauliza kweli.

Wakati tunatoka tukapita uani. Uani kule kuna watoto wa mawakili, wa madaktari na wa wenye maghorofa, peku, wanafinyanga mandazi ya tope. Manan wetu alikuwa mwenye mgahawa, anauza tope kwenye kopo la maziwa na kukataa kukopesha. Mtoto mmoja kajificha nyuma ya pipa, mwingine anahesabu amefumba macho. Rogath alisimama pale mpaka mlinzi akaanza kutuangalia.

"Bi Mboni, si kombolela hiyo?"

"Kombolela."

"Mamilioni yote yale ni ya kombolela?"

Nyumba yetu Magomeni ilikuwa na uga, tulicheza yote hayo bila kulipia hata kopo, na wanawake saba walikuwa wakipika pale pale na kila mmoja ana haki ya kukuchapa. Leo ule uga umejengwa vyumba vitatu vya kupangisha, na wale wanawake, mimi mmojawapo, wako Kariakoo wanatafuta pesa ya kula. Kitu kilichokuwa cha watu maskini kimeoshwa, kikapelekwa Upanga, kikawekewa mlinzi getini. Nilikasirika, lakini sikujua nimkasirikie nani, nikamkasirikia dereva wa bajaji.

Rogath yeye alijua wa kumkasirikia. Alipanda ngazi moja kwa moja kwa Mzee Ghanshyam, nami nyuma yake maana ugomvi wa bure haukoswi.

"Mzee," akasema, "tableti hizi wewe ndiye unaniuzia. Kwa nini hukuniambia?"

Mzee Ghanshyam alikuwa anakunywa chai. Akaweka kikombe.

"Rogath, wewe uliniuliza bei, nikakwambia bei. Baba yangu aliuza sigara mtaa huu miaka arobaini. Hakuvuta hata moja."

Kisha akatuambia tukae, tunywe chai. Tukanywa.

Kesho yake asubuhi Rogath akaja kwangu na heshima nyingi, nikajua ana shida.

"Shikamoo Bi Mboni."

"Marahaba. Sema."

"Wewe una maneno mengi."

"Ndivyo tunavyoamkiana siku hizi?"

"Namaanisha ni kipaji. Kaa na Angela hapa kwako, nyuma ya mabeseni, skrini hazionekani. Msemeshe. Nusu ya kodi ya fremu yako nitailipa mimi mpaka Mei."

Nikamuuliza, na Ridhi je? Waje wote wawili, si watoto tu? Rogath akaitazama fremu yangu. Ukitoa ndoo, mabeseni na mimi, panabaki nafasi ya mtoto mmoja mwembamba.

"Ridhi yuko poa pale," akasema. "Ameshazoea. Kwanza ndiye anawatulizia wenzake."

Nilikubali. Usinitazame hivyo. Nusu ya kodi ni nusu ya kodi, na Mzee Ghanshyam haoni huruma tarehe moja.

Basi nikawa mwalimu wa mtoto wa muuza tivii. Wiki ya kwanza Angela alilia mpaka wateja wakadhani namtesa. Alibonyeza mifuniko ya hotipoti mmoja mmoja kutafuta unaowaka. Wiki ya pili akagundua kwamba mfuniko ukizungushwa unasimama kwa ukingo na kucheza, hapo tukaanza kuelewana. Nilimpa mifuniko yote aitafutie hotipoti zake. Nilimwambia bei ya kila kitu na uongo wa kila mteja. Na kila baada ya muda nikamwambia, "Paukwa!" kisha nikanyamaza. Kunyamaza, mimi! Niliushika ulimi wangu kwa meno nikamsubiri. Siku nyingine nilisubiri mpaka mteja akaja akanunua ndoo akaondoka, na mimi bado.

Wiki ya sita, saa nane mchana, jua kali, nikasema "Paukwa!" nikijipepea kwa kifuniko. Nyuma ya mabeseni ikatoka sauti ndogo ya kukwaruza.

"Pakawa."

Nilipiga kigelegele mpaka wapiga debe wakauliza anaoa nani. Rogath akaruka meza. Angela akamtazama baba yake, akanirudia mimi. Akasema tena pakawa, kisha akaomba maji. Tangu hapo ikawa bomba limefunguliwa: bibi hiki, bibi kile, bibi yule mama anasema uongo. Ila kwa Rogath hakuwa na neno. Baba alikuwa mtu wa kaunta, mbele yake watu, nyuma yake katuni, na mtoto alimwona kama sehemu ya duka. Jioni Rogath alichuchumaa mbele yake akamwambia, "Niite basi. Ba-ba." Akasubiri sekunde mbili, simu ikaita, akapokea.

Na hatua tatu kutoka hapo, kwenye boksi, Ridhiwani wangu alikuwa amenipa mgongo. Mimi sauti yangu haina staha, paukwa yangu ilisikika mpaka Msimbazi, watoto wa watu wakaitikia wakiwa wanapita. Yeye hakugeuka. Niliona. Nilijiambia, Mei ikifika zamu yake. Nikajiambia kesho.

Mei tukarudi Upanga. Fomu ilikuwa ile ile, lakini Rogath alishaijua bidhaa. Kwenye vifaa vyenye skrini akaandika: Hakuna. Kwenye saa: Hatutazami. Mwalimu Leticia akamuuliza anafanya biashara gani. Rogath akakohoa, akasema vifaa vya nyumbani. Angela akaokoa jahazi: alimwambia mwalimu shikamoo, akamuuliza mbona ana tope, na kama kuku wale wanauzwa. Akapokelewa palepale.

Ada ilimfanya Rogath aongeze bidii. Akachukua kutoka kwa Mzee Ghanshyam katoni mbili za tableti badala ya moja, akazipunguzia bei ili zitoke, akaongeza tivii ukutani zikawa ishirini na moja. Muuza juisi akanunua tableti moja kwa mafungu. Mfagia ngazi akanunua. Walifurahi sana, watoto wao nao wapate maendeleo. Ukiona Angela kavaa kofia ya shule, ujue kuna makava kadhaa ya masikio ya sungura yaliyotoka mtaani kwetu kuilipia.

Julai akaanza. Rogath mwenyewe alimchukua mchana kwa bajaji, na kila akimshusha alikuwa na tope mpaka kisogoni. Baba alimzungusha mbele ya wateja akimshika mabega.

"Angalia tope hilo," alisema. "Original, la Upanga."

Ilikuwa Ijumaa ya wiki ya pili. Angela alishuka kwenye bajaji, akaja kwangu moja kwa moja, akachukua mifuniko miwili ya hotipoti. Kisha akaenda kusimama mbele ya boksi, mbele ya Ridhi, akamwonyesha. Ridhi akainamisha shingo kulia kuona kilichozibwa. Angela akasogea kulia. Ridhi akainamisha shingo kushoto. Mtoto mwingine akasema, "Toka, unatuziba." Angela alisimama kidogo akiwatazama wote kumi na wanne, usoni, mmoja mmoja, kama mtu anayesubiri ajibiwe. Amefundishwa hivyo.

Kisha akageukia kaunta.

"Baba," akasema.

Rogath alikuwa anampimia mteja waya. Waya ukamponyoka.

"Baba, zima."

"Umeniitaje?" Machozi yalikuwa tayari yameshafika. "Mama, umeniitaje?"

"Baba. Zima zote. Ridhi aje tucheze."

Tangu Januari mtu yule aliomba neno lile. Angeombwa figo siku ile angetoa. Alinyoosha mkono ukutani akazima swichi kuu, na tivii ishirini na moja zikafa kwa pamoja. Nilisikia mtaa wetu kwa mara ya kwanza: kengele ya mkokoteni, mtu anapiga chafya, mafuta ya mihogo. Watoto kumi na wanne walibaki wanatazama vioo vyeusi.

Nikaona hii ndiyo kesho yangu. Nikatoka mbio kwenye fremu, nikapiga magoti kwenye boksi mbele ya mjukuu wangu.

"Ridhi! Ridhi wangu! Paukwa!"

Nikanyamaza, nikamsubiri.

Akanitazama. Alinitazama vizuri, usoni, na mimi nikatanua mikono kwa sababu aliinuka na kunisogelea. Akanyoosha kidole, akanibonyeza kwenye ncha ya kanga, chini, upande wa kulia.

Nyuma yangu mteja alikuwa anamwambia mwenzake, "Kumbe mbovu hizi," nao wanaelekea ng'ambo. Muuza juisi akapaza sauti kutoka kwenye kona yake, kulikoni Rogath, mtoto wake yeye ameshaanza kuzurura barabarani. Rogath alisema, "Mama, baba anawasha kidogo tu, sawa?" na bila kumwangalia bintiye akaiwasha swichi.

Ridhi alikuwa amenibonyeza mara ya pili. Mwanga uliporudi alipumua, akarudi kwenye boksi lake, akakaa. Angela alibaki amesimama na mifuniko yake miwili.